Chumba Kwanza, Msimbazi Baadaye

Wanangu wa Nyahanga, na wana wote wa Kahama mnaoishi kwa mishemishe za barabarani, leo tuongee ishu ambayo vijana tunaichukulia poa mpaka itugharimu: sehemu ya kulala ukiwa mji wa watu. Mwana anatoka Kakola kuja mjini kuuza dhahabu yake. Sista wa duka la nguo anapanda basi kwenda Kariakoo kufunga mzigo. Dogo anampeleka mama'ke hospitali ya Bugando. Wote wamepiga hesabu ya nauli, ya msosi, ya mtaji, hata pamba za kuvaa wamezikunja freshi. Waulize watalala wapi, jibu ni lilelile: "Tutajua hukohuko." Hukohuko ndiko watu wanakopigwa.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Hoteli kali kwa mtu wa mishe ni ile unayoamka asubuhi akili imetulia, hela iko palepale ulipoiweka, na mwili una nguvu ya kumaliza kilichokutoa nyumbani. Marumaru, taa za rangi na TV ya ukutani ni mapambo, yakiwepo sawa, yasipokuwepo maisha yanasonga. Mtu aliyelala vibaya anapatana bei vibaya. Anafika dukani macho mekundu, kichwa kizito, muuzaji anamsoma chap na kumpandishia, naye anakubali kwa sababu anataka tu aondoke akapumzike. Kwa hiyo hela ya chumba ihesabu ndani ya mtaji, usiiweke kwenye fungu la bata.

Na njia ya kupata chumba kizuri ni hii: zama ndani, kagua, ndipo utoe msimbazi.

Sisi wa Kahama hii kitu tulipaswa kuijua kuliko wote, maana mji wetu umekulia kwenye biashara ya kulaza wageni. Barabara kuu ya kwenda Rwanda, Burundi na Kongo inapita hapa, inatokea Isaka kwenye bandari kavu na kuendelea Ushirombo hadi Lusahunga. Masuka wa malori wanalala hapa. Enzi zile mabasi yamezuiwa kutembea usiku, basi la Dar kwenda Bukoba lilikuwa linafika Kahama usiku na kulala. Abiria mwenye chochote alichukua gesti, asiye nacho alijikunja kwenye siti au alitandika kitenge stendi akiwa na watoto. Mwaka 2023 safari za saa 24 zikaruhusiwa tena, na abiria wengi wa masafa wakaanza kutupita usiku bila kushuka.

Migodi nayo ikaleta watu wake. Bulyanhulu ilifunguliwa 2001, Buzwagi ikaanza kutoa dhahabu 2009 na kufungwa 2021, na sasa eneo lake linageuzwa kuwa eneo maalum la kiuchumi. Mwaka huohuo wa 2021 Kahama ikapanda kuwa manispaa. Sensa ya 2022 ilituhesabu zaidi ya watu 450,000, zaidi ya mara mbili ya Manispaa ya Shinyanga ambako ndiko makao makuu ya mkoa. Ongeza wauza mchele wa Kagongwa, mabroka wa dhahabu, makandarasi na maafisa wa semina, utaelewa kwa nini kila mwenye vyumba sita na ukuta anaandika "loji" getini. Kitaa kwetu Nyahanga gesti zimekaa katikati ya nyumba za familia, na nyingine ni gesti bubu kabisa, hazina bango wala leseni, unaelekezwa na bodaboda tu. Gesti bubu mimi nakwambia achana nayo hata kama bei inavutia. Ukiibiwa humo, ukienda polisi utaanza kwa kueleza ulikuwa unafanya nini kwenye nyumba isiyojulikana.

Kuhusu nyota, wana wengi wanachanganyikiwa. Madaraja ya nyota moja hadi tano hutolewa na Wizara ya Maliasili na Utalii kwa vigezo vya pamoja vya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wakaguzi wanakuja, wanapima, wanatoa cheti. Nyota zilizochorwa kwenye bango la geti bila cheti ukutani hazikuhakikishii chochote. Na gesti nyingi za mitaani kwetu hazina nyota hata moja lakini ni safi kinoma, zinaendeshwa na mama mmoja anayejiheshimu ambaye kila asubuhi anasimama mwenyewe mashuka yakianikwa. Mama wa namna hiyo ndiye nyota yako.

Sasa twende chumbani.

Ukifika mapokezi salimia kwa heshima, halafu sema wazi: "Dada yangu, naomba kuona chumba kabla sijalipia." Gesti iliyonyooka, dada anachukua funguo anakutangulia, wala hashangai. Akikujibu, "Vyumba vyote viko sawa kaka, lipia kwanza," mshukuru, beba begi, sepa. Hapo kuna kitu hataki ukione.

Anza na kitanda. Inua shuka kwenye kona ya kichwani, washa tochi ya simu, fuata mshono wa godoro taratibu kwa kidole. Ukiona vidoadoa vyeusi vimejipanga mshononi, hicho ni kinyesi cha kunguni. Mulika nyufa za mbao na nyuma ya ubao wa kichwani, maana mchana wanajificha humo na usiku wanatoka kwa kufuata joto la mwili wako na pumzi unayotoa. Wakati unakagua, begi liache bafuni kwenye vigae. Ukilitupa kitandani na jamaa wapo, unawabeba hadi geto kwako, na kuwatoa geto ni vita ya miezi: unaanika godoro, unachemsha mashuka, unapuliza dawa, wiki mbili baadaye wanarudi. Kuna watu wamechoma vitanda vyao kwa sababu ya usiku mmoja wa gesti. Kwa hiyo dada wa mapokezi akikukodolea macho kwa sababu umepiga magoti na tochi, wewe kausha, maliza kazi yako.

Halafu mashuka. Yanuse. Shuka lililofuliwa na kukauka juani lina harufu yake, na shuka lililokung'utwa na kutandikwa upya lina harufu yake pia, pua haidanganyiki. Ukiona nywele juu ya mto, omba yabadilishwe mbele yako. Hiyo ni haki yako, uliyoilipia au unayokaribia kuilipia.

Bomba nalo lifungue, usiliangalie tu kwa macho. Maji ya Kahama na Shinyanga yanatoka Ziwa Victoria, yanavutwa Ihelele kule Misungwi na kusafirishwa na KASHWASA hadi huku kwetu, na huo mradi umebadilisha maisha ya watu wa huku waliokuwa wanagombania malambo na ng'ombe. Lakini bomba likipasuka au kukiwa na matengenezo, gesti isiyo na simtanki la akiba inakugawia ndoo moja uoge, upige mswaki na ufanye mengine yote. Vuta choo, halafu simama usikilize kama tanki linajaa tena. Kama hita ipo, waambie waiwashe ukiwa palepale, maana asubuhi za Juni na Julai Usukumani kuna baridi ambayo mtu wa Dar haitegemei.

Chandarua sasa, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Vijana tunapenda chumba chenye kipupwe, tukiona kiyoyozi tunasema mbu hawaingii. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 uliopima watoto chini ya miaka mitano ulikuta malaria kwa asilimia 8 nchi nzima, lakini mkoa wa Shinyanga ulikuwa na asilimia 16. Sisi ni mara mbili ya wastani wa nchi. Umeme ukikata saa saba usiku, kiyoyozi kinazima, unafungua dirisha, mbu wanazama. Kishushe chandarua, kitazame juani au kwenye taa, tafuta matundu, hasa chini pale kinapochomekwa kwenye godoro. Chumba chenye feni na chandarua kizima mimi nakichagua mbele ya chumba chenye kiyoyozi na wavu wa dirisha uliochanika. Mgeni kutoka Dar au Arusha akirudi kwao, siku kumi baadaye anatetemeka na hajui alikoipata.

Umeme nao uulizie kishkaji tu: "Ukikata mna jenereta?" Na kama ni gesti ndogo uliza nani anaongeza luku usiku. Sio swali la ajabu hata kidogo. Luku ikiisha saa nane usiku na bosi kalala na simu kaizima, mlinzi hana la kukusaidia, simu yako haichaji, na kesho asubuhi tiketi na namba za wateja wote ziko ndani ya hiyo simu.

Kelele ndizo zinazowamaliza watu wengi. Kuna mtindo wa baa chini, gesti juu, na mchana pale panakuwa kimya kabisa unaona umepata chimbo. Subiri Ijumaa usiku. Singeli inapigwa hadi kitanda kinatetemeka. Kabla hujalipia tembea hatua ishirini kuzunguka jengo, tazama kama kuna spika zimefunikwa turubai, kama kuna majiko ya nyama choma na meza zimepangwa. Zikiwepo, omba chumba cha nyuma, upande usio na barabara, au kula kona kabisa. Kwa wana wanaokwenda kwenye rashi huko Geita au machimbo ya Kakola, ongeza jambo moja: uliza karasha iko wapi. Karasha ikisaga mawe jirani hakuna ukuta utakaokusaidia, na vumbi lake si vumbi la kuvuta usiku mzima.

Mlango ni roho ya chumba. Ingia ndani, funga, halafu usukume kwa bega. Kitasa kikicheza, kikatae. Tafuta komeo la ndani, lile la chuma unalolisukuma kwa mkono, kwa sababu funguo ya kitasa wanayo wengine: meneja anayo, mfanya usafi anayo, na mgeni wa mwezi uliopita huenda aliondoka nayo. Komeo la ndani hakuna mwingine anayelifungua. Kama chumba hakina komeo, sogeza meza mlangoni usiku, na kesho yake tafuta kwingine.

Pale mapokezi utaona kibao: vitu vya thamani vikabidhiwe, uongozi hautahusika na upotevu. Kisome kwa makini. Ukikabidhi kitu, hakikisha kimeandikwa na umesaini, na picha ya hiyo karatasi piga. Ukiacha laki tatu chini ya mto na kwenda kula chipsi, hilo ni lako.

Kibao kingine kinachowakuta vijana ni kile kinachokataza wanaume wawili kulala chumba kimoja. Washkaji wengi wanakuja wawili wakiwa wamepanga kugawana bei, wanafika saa nne usiku wanagomewa, bajeti inavurugika hapohapo. Piga simu mapema, uliza, upange hela ya vyumba viwili au utafute loji yenye chumba cha vitanda viwili inayowakubali.

Na kitabu cha wageni usikionee kinyaa. Jina, kabila, kazi, unatoka wapi, unakwenda wapi, namba ya kitambulisho, saini. Polisi wakipita kwenye msako wa usiku, na huku kwetu wanapita, kitabu hicho ndicho kinachokutetea kwamba wewe ni mgeni halali wa chumba namba fulani. Andika ukweli, tembea na kitambulisho cha NIDA au angalau namba yake. Gesti isiyokuandikisha kabisa inakupunguzia usumbufu usiku huo, lakini ikitokea msala hakuna ushahidi kwamba uliwahi kulala pale. Ukilipa dai risiti ya EFD. Hiyo risiti ni ya serikali, ni kweli, lakini ni ya kwako pia siku wakikugeuka kwamba hujalipia usiku wa pili.

Kwa madada zangu

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ushauri mwingi wa mtaani unaandikwa kana kwamba wanaosafiri ni wanaume tu. Nenda stendi ya Kahama alfajiri uone nani wanashuka: mama wa dagaa, sista wa vipodozi, mwanafunzi anayekwenda kuripoti chuo, nesi aliyepangiwa kituo kipya. Wanalala wapi? Mwanamke akichukua chumba peke yake anatazamwa vibaya na watu wawili kwa mpigo, yule anayedhani amekuja kujiuza na yule anayedhani ni windo rahisi. Yote mawili ni upuuzi ambao sisi wanaume tunapaswa kuukomesha, ila mpaka tukome, dada yangu linda usingizi wako.

Chukua chumba cha ghorofa ya kati au kilicho karibu na mapokezi, usikubali kile cha mwisho kabisa nyuma ya stoo. Mhudumu akitaja namba ya chumba chako kwa sauti mbele ya wanaume waliokaa kwenye makochi, omba ubadilishiwe palepale, na sababu mwambie. Mtu akigonga usiku akisema ni mhudumu, usifungue, piga simu mapokezi uulize. Kwa hiyo namba ya mapokezi unaihifadhi kabla hujapanda chumbani. Mtumie ndugu yako au rafiki jina la gesti, mtaa na namba ya chumba. Bodaboda aliyekuleta hana haja ya kujua unatoka saa ngapi kesho wala kama uko peke yako, hata kama ni mcheshi kiasi gani.

Na kuna swali moja la kuuliza ambalo linakupa picha ya nyumba nzima: "Usiku mapokezi anakuwepo nani?" Ukijibiwa kuna dada wa zamu na mlinzi wa geti, vizuri. Ukijibiwa "tunafunga geti saa tano, tunakwenda nyumbani," basi ukipatwa na tatizo saa nane wewe na ukuta mtajuana. Mimi gesti ya namna hiyo dada yangu wa damu simruhusu alale, sasa kwa nini nimshauri dada wa mwenzangu?

Hela inavyotoka

Siku hizi kila loji ina ukurasa Instagram, na picha zimepigwa na mtu anayejua kazi yake. Chumba cha mita tatu kinaonekana uwanja. Halafu kuna matapeli wanaochukua picha za hoteli ya watu, wanafungua ukurasa, wanakwambia tuma nusu ya hela tukushikie chumba, wikiendi hii tumejaa. Ukituma, umepigwa. Dawa yake ni nyepesi. Omba lipa namba ya biashara, usikubali namba ya mtu binafsi. Ukiingiza lipa namba, kabla hujaweka namba ya siri jina linatokea, lisome. Kama unalipia loji na jina lililotokea ni la duka la spea za bodaboda, ghairi. Omba pia wakupigie simu ya video wakutembeze chumbani sasa hivi. Mwenye chumba cha kweli hawezi kushindwa kitu cha dakika mbili.

Bei patana. Wengi hamjui kwamba chumba kinapatanwa, hasa katikati ya wiki na hasa ukikaa zaidi ya usiku mmoja. Sema kiroho safi, "Bosi, nalala siku nne, nifanyie bei ya mwenyeji." Kabla hujashikana mkono uliza kama chai imo ndani ya bei, na chai yenyewe ni nini. Kuna chai ya maandazi mawili na kuna chai ya supu ya ng'ombe, chapati na matunda, na kwetu huku penye ng'ombe wengi supu ya maana haipaswi kuwa adimu. Uliza pia saa ya kukabidhi chumba. Nyingi ni saa nne asubuhi, ukizidisha wanakuchaji siku nyingine. Kama basi lako ni la jioni, uliza kama watakutunzia begi bure. Nyumba nzuri inakutunzia.

Mwanangu wa dhahabu, wewe nina neno lako peke yako. Serikali ilifungua soko la madini Geita Machi 2019, na Kahama nayo ina soko lake. Umetoka duarani, umeosha, umechoma, una kipande chako: fika sokoni mchana, upimiwe, uuze kwa karatasi, hela iende benki siku hiyohiyo. Usilale na dhahabu gesti, usilale na hela ya dhahabu gesti. Na usimwambie mtu yeyote baa kwamba leo umetoboa. Wezi wa mjini hawahitaji kuvunja mlango wa mtu anayejitangaza, wanakaa naye meza moja na kumnunulia bia.

Kariakoo na Rock City

Tukitoka nje ya Kahama, safari inayowakuta wengi wetu ni Dar. Basi linakushusha stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, ambayo tangu 2021 imechukua nafasi ya Ubungo. Wapiga debe wanakudaka mlangoni, kila mmoja ana gesti nzuri hapa karibu. Usimfuate hata mmoja. Kutoka Mbezi hadi Kariakoo ni zaidi ya kilomita 20 na foleni ya asubuhi si mchezo. Ukilala Mbezi kwa sababu ni bei chee halafu kila siku unakwenda Kariakoo na kurudi na mizigo, unachookoa kwenye chumba unakimaliza kwa nauli na masaa. Mgongo nao unaumia.

Mimi nagawa hivi. Siku za manunuzi lala Kariakoo kwenyewe au Ilala na Magomeni, mahali unapoweza kutembea kwa mguu au kupanda mwendokasi moja tu. Vyumba vya Kariakoo ni vidogo na vya bei kidogo, dirisha linatazama ukuta wa jirani, lakini ukinunua bunda la nguo saa tano unalipeleka chumbani, unarudi sokoni mikono mitupu kutafuta lingine. Hiyo ndiyo faida yenyewe. Hakikisha jengo lina lifti inayofanya kazi au chumba chako kiko chini, kwa sababu kupandisha mabunda ghorofa tano kutakutoa roho. Usiku wa mwisho, mzigo umeshaukabidhi kwa watu wa usafirishaji, hamia Mbezi ulale jirani na stendi, asubuhi unaamka unaingia kwenye basi bila presha.

Kama unarudi kwa treni ya mwendokasi, ile iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, hesabu inabadilika kabisa. Stesheni ya Dar iko jirani na Kariakoo na Gerezani, kwa hiyo Mbezi huna haja nayo. Unalala mjini, unapanda treni, Dodoma unadaka basi la kuja huku.

Rock City, yaani Mwanza, ni fupi kuieleza. Wengi wetu tunakwenda kwa sababu ya Bugando, na anayeuguza anahitaji chumba karibu na hospitali kuliko chumba kizuri. Mlima wa Bugando kuupanda na chupa ya uji kila asubuhi kunachosha, kwa hiyo lipia ukaribu. Uliza kama unaruhusiwa kuchemsha maji au kutumia jiko lao, kuna gesti za jirani na hospitali zinakubali kwa sababu zinajua wageni wao ni akina nani. Kwa anayetoka Geita, daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limeondoa ile shida ya kukwama kivukoni, siku hizi unaweza kwenda Mwanza, ukamaliza shughuli na kurudi Geita jioni. Usiku mmoja wa gesti umeokoa, tia mfukoni.

Sasa nimalizie na wenye nyumba, maana nyinyi ndio wenye mchongo. Wazee wetu na mama zetu mnaomiliki gesti na loji za Nyahanga, Kahama nzima, hadi Geita: hatuwaombi bwawa la kuogelea. Wekeni komeo la chuma kwa ndani ya kila mlango, linauzwa duka lolote la vifaa vya ujenzi. Nunueni vyandarua vipya. Badilisheni vitasa mgeni akipoteza funguo. Muwe na dada wa zamu usiku anayelipwa vizuri na mwenye simu yenye salio. Na mgeni akiomba kuona chumba kabla ya kulipia, mpeni funguo.